Hospitali za Wakulima wa Japani: Zilivyoanza na Zilivyokua

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama Kikuu katika sikukuu ya kutimiza miaka kumi



Tumepewa heshima ya kusema machache katika sikukuu hii ya miaka kumi, nasi twaipokea kwa shukrani. Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za mizani, za maghala na za bei ya kahawa, wala hatuna haja ya kurudia yaliyosemwa vema. Sisi tumeagizwa na Halmashauri kuleta habari za nchi ya mbali, zipate kutusaidia katika shauri lililo karibu nasi sana.

Shauri lenyewe mwalijua. Katika Mkutano Mkuu ujao wanachama wataulizwa kama wakubali kukata sehemu ndogo ya malipo ya kila kilo ya kahawa, iwekwe katika mfuko wa afya wa Chama. Wako wanaolikubali, na wako wasemao kwamba chama kiliundwa kwa ajili ya mazao, wala hakikuundwa kwa ajili ya magonjwa. Neno hili si la upuuzi, nalo lastahili kujibiwa kwa heshima. Tumeona afadhali kulijibu kwa habari za wakulima wenzetu ambao waliulizana swali lilo hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na hospitali walizozijenga kwa jibu lao zingalipo hata leo.

Kabla ya kwenda huko, na tutazame kwanza nyumbani. Nani kati yetu asiyejua jinsi ugonjwa unavyoingia shambani? Mtoto akilazwa, fedha hutafutwa usiku. Kahawa huuzwa ikingali mtini kwa bei ya mlanguzi, jambo ambalo ndugu zetu wa Kagera huliita butura. Na msimu ukifika, chama hukosa mzigo, na mwenye shamba hukosa malipo. Ziko kilo ambazo hazikupotea kwa mvua wala kwa wadudu, bali zilipotea kitandani mwa mgonjwa. Basi ugonjwa umekwisha kuingia katika hesabu za chama hiki, tupende tusipende. Lililobaki ni kuamua kama utaendelea kuingia kwa mlango wa nyuma, au tutaufungulia ukurasa wake katika daftari.

Sasa twende Japani. Wajapani walitunga sheria yao ya vyama vya ushirika mwaka 1900, yaani miaka 32 kabla ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Tanganyika. Sheria hiyo iliwaruhusu wakulima kuunda vyama vya kuweka na kukopeshana fedha, vya kuuza mazao, vya kununua mahitaji, na vya kutengeneza mazao na kutumia kwa pamoja vyombo ambavyo mtu mmoja hawezi kuvimiliki peke yake. Mkulima wa Japani wa siku zile hakuwa tajiri. Shamba lake lilikuwa dogo, mara nyingi la kukodi, na sehemu kubwa ya mpunga wake ilikwenda kwa mwenye ardhi. Wengi walifuga viwavi wa hariri ili wapate fedha taslimu, na bei ya hariri ilipanda na kushuka kwa amri ya masoko ya mbali, kama ile ya kahawa yetu.

Madaktari walikuwapo nchini, lakini walikaa mijini, kwani mjini ndiko kulikokuwa na watu wenye kulipa. Maelfu ya vijiji havikuwa na daktari hata mmoja. Mgonjwa alibebwa masafa marefu milimani, na aghalabu alifika akiwa amechelewa.

Mwaka 1919, katika kijiji cha Aohara, mkoa wa Shimane, upande wa magharibi wa nchi ile, chama cha ushirika cha wakulima kilifungua zahanati yake chenyewe. Huo ndio mwanzo wa habari zetu. Hesabu ya watu wa Aohara ni nyepesi kuifahamu. Ikiwa chama chaweza kununua mashine ambayo mkulima mmoja hawezi kuinunua, basi chaweza pia kumwajiri daktari ambaye mkulima mmoja hawezi kumwajiri. Hawakungoja tajiri awahurumie, wala hawakungoja serikali iwafikie. Walitumia chombo walichokuwa nacho mkononi, nacho ni chama chao cha mazao.

Ndugu wanachama, twaomba mlishike jambo hili. Zahanati ya Aohara haikuanzishwa na chama kingine kilichoundwa kando kwa ajili ya tiba. Ilizaliwa ndani ya chama cha wakulima. Wale waliosema siku zile kwamba kazi ya chama ni mazao tu walijibiwa kwa tendo la Aohara, kwamba mkulima mwenyewe ndiye shina la mazao, na shina likioza hakuna tawi litakalozaa.

Mfano wa Aohara ulienea polepole. Mwaka 1928 hospitali ya ushirika ilifunguliwa katika mji wa Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa kikuu. Mara ukaja mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Bei ya hariri ilianguka, na vijiji vikazama katika madeni. Mtu angedhani kwamba wakati wa dhiki kama ule wakulima wangeacha mambo ya hospitali, wangoje neema irudi. Lakini ilikuwa kinyume: miaka ile ya 1930 ndiyo miaka ambayo ushirika wa tiba ulikua kwa kasi, kwani mwenye deni ndiye anayeuogopa ugonjwa kuliko mtu mwingine.

Hapo ndipo upinzani ulipoanza. Mwaka 1932 watu wawili wenye sifa kubwa nchini, Bwana Toyohiko Kagawa, mtetezi wa maskini, na Bwana Inazo Nitobe, mwanachuoni aliyepata kuwa Katibu Mkuu Msaidizi wa Shirikisho la Mataifa, walianzisha chama cha ushirika cha tiba mjini Tokyo. Chama cha madaktari kilikipinga kwa nguvu, kikahofu kwamba daktari atakuwa mtumishi wa wagonjwa na malipo yatashuka. Ruhusa ya serikali ilicheleweshwa, ingawa mwishowe ilitolewa. Hatusemi haya kwa kuwalaumu madaktari, maana wako madaktari wengi waliouunga mkono ushirika, nasi tutamtaja mmoja wao punde si punde. Twayasema ili mjue kwamba jambo jema halipokelewi na wote siku ya kwanza, na kwamba wenzetu hawakukata tamaa kwa sababu ya barua ya kukataliwa.

Mwaka 1938 Japani ilitunga Sheria ya Bima ya Afya ya Taifa, na sheria hiyo iliviruhusu vyama vya ushirika kuendesha bima vijijini. Kisha vita vikaharibu mengi. Mwaka 1943 serikali ilivikusanya vyama vyote vya wakulima kwa amri, na hospitali zao zikawekwa chini ya jumuiya za mikoa zilizotumikia mahitaji ya vita. Kwa miaka michache hiyo mwanachama alikuwa na hospitali lakini hakuwa na sauti.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, nchi ilikuwa na njaa, na miji mingi ilikuwa majivu. Ardhi iligawiwa upya kwa wakulima, na mwaka 1947 ikatungwa sheria mpya ya vyama vya ushirika vya kilimo. Mwaka 1948 wakulima wa mikoa mbalimbali waliunda mashirikisho ya afya na ustawi, yaitwayo kwa kifupi Koseiren, wakayakabidhi hospitali zile. Mpango wake mtauelewa upesi, kwa kuwa wafanana na wetu. Mkulima ni mwanachama wa chama cha msingi cha mahali pake. Vyama vya msingi vya mkoa mmoja huungana katika shirikisho la mkoa, nalo ndilo limilikilo hospitali. Mashirikisho ya mikoa nayo yana chombo chao cha taifa.

Mwaka 1951 serikali ilizitambua hospitali za Koseiren kuwa taasisi za tiba za umma, pamoja na zile za Msalaba Mwekundu. Maana ya jambo hili ni kubwa. Tangu hapo milango iko wazi kwa kila mtu, awe mwanachama au asiwe, mkulima au mchuuzi. Hakuna faida igawiwayo kwa wenye hisa. Ziada ikipatikana, yarudi katika vyombo, majengo na mafunzo. Mkulima aliyejenga hospitali hapati gawio la fedha, bali gawio lake ni kwamba daktari yupo karibu siku ile anapomhitaji.

Si kila mkoa ulioweza kusimama. Mwaka 1950 hospitali za ushirika za mkoa wa Iwate zilikabidhiwa serikali ya mkoa, zikawa za serikali, na zingali zikitoa huduma. Twalitaja jambo hili kwa sababu hotuba ya sherehe yaweza kuwadanganya watu kwa sifa tupu. Ushirika si dawa ya kila deni. Lakini katika mikoa mingi mashirikisho yalisimama, na mmoja wa mikoa hiyo ni Nagano.

Nagano ni nchi ya milima katikati ya kisiwa kikuu, yenye theluji na baridi kali. Mwaka 1944, vita vikiendelea, jumuiya ya wakulima ya mkoa huo ilifungua hospitali ndogo yenye vitanda 20 katika mji mdogo wa Usuda, wilaya ya Saku. Mwezi Machi mwaka 1945 akaja daktari mpasuaji kijana kutoka Tokyo, Bwana Toshikazu Wakatsuki. Alizaliwa mwaka 1910, akahitimu Chuo Kikuu cha Tokyo, na kabla ya kuja Usuda alikuwa amefungwa kwa muda wa mwaka mmoja hivi na serikali ya wakati wa vita, kwa kuwa alichunguza jinsi wafanyakazi wa viwandani walivyoumia kazini. Mwaka 1946 akawa mkuu wa hospitali ile, na alikaa Usuda mpaka alipofariki mwaka 2006.

Daktari Wakatsuki aliona jambo ambalo kila muuguzi wa kijijini alijua. Wakulima walikuja hospitali wakati maradhi yamekwisha kukomaa. Alipouliza sababu, aliona ziko mbili. Wengine walijua kwamba ni wagonjwa, lakini walivumilia, kwa kukosa fedha, au kwa kuona haya kuacha kazi wakati wa kupanda. Wengine hawakujua kabisa, kwani maumivu yalikuwa yamekuwa mazoea, wakidhani ndivyo mwili wa mkulima ulivyo. Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wakulima wa Usuda hawakuyaficha kwa ujinga; waliyaficha kwa umaskini.

Basi daktari yule akaamua kwamba hospitali haitakaa ikingoja. Kuanzia mwisho wa mwaka 1945, yeye na wauguzi na makarani walianza kwenda vijijini siku za mapumziko, wakibeba dawa na vyombo, wakiwapima watu katika shule na nyumba za mikutano. Walipoona kwamba watu wanasinzia wakisomewa hotuba (nasi tutajitahidi tusiyafikie hayo leo), wakaunda kikundi cha maigizo. Daktari mwenyewe alitunga michezo, nao wauguzi wakaigiza habari za minyoo, za kifua kikuu, na za mgonjwa aliyechelewa. Watu walikuja kucheka, na baada ya kucheka walikaa kupimwa. Kauli mbiu ya hospitali ikawa maneno mafupi: Pamoja na wakulima.

Maradhi waliyoyakuta yalikuwa maradhi ya kazi na ya nyumba. Minyoo ilienea kwa sababu kinyesi cha watu kilitiwa mashambani kuwa mbolea. Kiharusi kiliua wengi, kwa kuwa watu walikula mboga za kutiwa chumvi nyingi muda wote wa baridi, na walilala katika nyumba zisizo na moto. Kwa hiyo dawa nyingine hazikutoka chupani. Watu walifundishwa kupunguza chumvi, na kila nyumba ilihimizwa kuwa na angalau chumba kimoja chenye joto.

Liko jambo moja ambalo sisi wakulima wa kahawa yatupasa kulisikia kwa makini. Katika miaka ya 1950 dawa kali za kuulia wadudu, kama vile parathioni, zilinyunyiziwa mashambani kote Japani. Mavuno yaliongezeka, lakini wakulima walianguka kwa sumu, na wengine walikufa. Madaktari wa hospitali za wakulima walikuwa wa mbele katika kuchunguza jambo hilo, kwa sababu wagonjwa walifika mikononi mwao, na kwa sababu mwajiri wao alikuwa mkulima, si mwenye kuuza dawa. Mwaka 1952 kiliundwa Chama cha Tiba ya Vijijini cha Japani, na madaktari wakaanza kukusanya habari za mikoa yote mahali pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 matumizi ya parathioni yalikomeshwa. Daktari wa kijiji kimoja akimwona mgonjwa mmoja wa sumu, huona bahati mbaya. Hospitali nyingi zilizoungana zikiona wagonjwa mia, huona sababu. Hiyo ni faida ya mtandao ambayo haionekani katika hesabu za fedha.

Faida nyingine za kuungana ni za kila siku. Hospitali ndogo ya mlimani humpeleka mgonjwa mahututi katika hospitali kubwa ya shirikisho lilo hilo. Dawa hununuliwa kwa pamoja kwa bei nafuu, kama tunavyonunua mbolea. Daktari kijana hujifunza katika hospitali kubwa, kisha hutumwa kwenye kituo kidogo, akijua kwamba hakutupwa huko, bali nyuma yake wako wakubwa wa kuwauliza. Katika mkoa wa Nagano shirikisho lina hospitali Usuda, Shinonoi, Komoro na kwingineko, na kila moja yaitegemea nyingine kama mafiga yanavyotegemeana chini ya chungu.

Tusimulie sasa habari za kijiji cha Yachiho, jirani ya Usuda. Kwa sheria ya bima ya siku zile mgonjwa alitakiwa kulipa sehemu ya gharama mwenyewe, nao wakulima walihofu kwamba maskini atachelewa zaidi akijua kwamba atadaiwa fedha mlangoni. Mkuu wa kijiji na Daktari Wakatsuki wakashauriana, wakaona kwamba njia ya kupunguza gharama ni kupunguza ugonjwa. Mwaka 1959 kijiji kizima kilianza kupimwa kila mwaka. Kila mtu alipewa daftari lake la afya. Wenyeji walichaguliwa kuwa viongozi wa afya wa vitongoji, wakawahimiza jirani zao waje kupimwa na wakafuatilia wale waliokutwa na shinikizo la damu. Hospitali ilitoa madaktari, kijiji kikatoa watu na fedha.

Mpango huo ulipoonekana kufaa, ulipanuliwa. Kuanzia miaka ya 1970 shirikisho la Nagano lilipeleka vikosi vya upimaji katika vijiji vya mkoa mzima. Wala si hospitali peke yake iliyofanya kazi. Mwaka 1945, katika kijiji cha Takaho cha mkoa uo huo, wanawake walijitolea kumsaidia muuguzi wao, na desturi hiyo ilienea mkoani kote: wanawake hushika zamu ya miaka miwili miwili, hujifunza mambo ya afya, kisha hurudi nyumbani na elimu hiyo, wengine wakashika zamu. Hivyo katika nyumba nyingi yumo mtu aliyepata kufundishwa.

Matunda yake ni yapi? Hesabu ya serikali ya Japani ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba Nagano uliongoza mikoa yote 47 kwa maisha marefu, wanaume wakitazamiwa kuishi miaka 80.88 na wanawake miaka 87.18. Pia kwa miaka mingi mkoa huo umehesabiwa miongoni mwa ile ambayo gharama za kuwatibu wazee ni ndogo. Hatusemi kwamba sifa yote ni ya hospitali za ushirika, maana wataalamu hutaja pia kazi za bustani za wazee, mboga, na juhudi za halmashauri za vijiji. Lakini mkoa uliokuwa mashuhuri kwa kiharusi haukupata maisha marefu kwa bahati nasibu. Mwaka 1976 Daktari Wakatsuki alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, nishani kubwa ya bara la Asia, kwa uongozi katika jamii.

Hospitali ile ya vitanda 20 ilikua ikawa na mamia ya vitanda. Mwaka 2014 iligawanywa: kituo kipya cha matibabu makubwa kikafunguliwa katika mji wa Saku, na hospitali ya Usuda ikabaki kuwahudumia watu wa jirani. Katika Japani nzima, Koseiren ina hospitali zipatazo mia moja, na karibu nne katika kila kumi ziko katika miji midogo na vijiji ambavyo watu wake hawafiki 50,000, mahali ambapo mfanyabiashara wa tiba haoni sababu ya kufungua mlango.

Bwana Mwenyekiti, tusingekuwa waaminifu kama tungeishia hapo. Hospitali hizo leo zina taabu. Vijana wamehama vijijini, wazee wanapungua, madaktari ni haba, na gharama zimepanda. Mwaka 2024 shirikisho la mkoa wa Niigata, lenye hospitali nyingi, lilielemewa na hasara kubwa, likaomba msaada wa serikali ya mkoa na wa halmashauri za miji. Wako wanaouliza kama hospitali zote zaweza kubaki. Hili latufundisha kwamba kinachojengwa na kizazi kimoja hakijilindi chenyewe. Hospitali ya ushirika ni kama shamba la kahawa: mwaka usipopogoa huoni hasara, hasara huja baadaye.

Basi, ndugu wanachama, turudi kwenye shauri letu, na tuyajibu maneno matatu ambayo tumeyasikia yakisemwa vyamani.

La kwanza ni kwamba chama ni cha mazao. Tumekwisha kuona kwamba Aohara, mwaka 1919, chama cha mazao ndicho kilichomleta daktari. Chama kinachomlinda mkulima dhidi ya mlanguzi wakati wa mavuno, kisha kikamwacha mikononi mwa mlanguzi yule yule wakati wa ugonjwa, kimefanya nusu ya kazi yake.

La pili ni kwamba serikali imekwisha kutunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kwa hiyo mfuko wetu ni wa nini? Swali ni zuri. Japani nayo ilikamilisha bima kwa watu wote mwaka 1961, na hospitali za wakulima hazikufungwa kwa sababu hiyo. Bima hulipa gharama ya mgonjwa aliyefika. Haimpeleki mtu kupimwa kabla hajaugua, haimfundishi namna ya kunyunyizia dawa bila kujidhuru, wala haimweki muuguzi mahali asipokuwapo. Kazi ya chama yaanza pale bima inapoishia. Mfuko waweza pia kumsaidia mwanachama kulipa mchango wake wa bima wakati wa mavuno, fedha zikiwapo, badala ya kudaiwa mwezi ambao mfukoni hamna kitu.

La tatu ni kwamba sisi ni maskini, tungoje bei ipande. Wakulima wa hariri walijenga wakati bei imeanguka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai kwa anayengoja gunia.

Twawaomba pia tusiwaige wenzetu kwa kutazama majengo yao. Wako watakaosimama katika Mkutano Mkuu na kutaka tujenge hospitali kesho, yenye jina la Chama mlangoni. Jengo bila daktari ni ghala tupu. Maoni ya Halmashauri ni kwamba tuanze na yale ambayo Yachiho ilianza nayo: kupima watu kila mwaka katika vyama vya msingi, wakati wa malipo, ambapo kila mwanachama hufika, daftari la afya kwa kila nyumba, na mwanamke mmoja na mwanamume mmoja kutoka kila kitongoji watakaofundishwa. Zahanati na ije baadaye, hesabu zikiruhusu, na hospitali baada ya zahanati, kwa kuungana na vyama vikuu vingine, kwa maana chama kikuu kimoja hakitoshi.

Na fedha za mfuko zisichanganywe na fedha za mazao. Ziwe na daftari lake, mkaguzi wake, na taarifa yake isomwe mbele ya wanachama kila mwaka, kwa sauti, mpaka senti ya mwisho. Imani ya mwanachama ikipotea katika mfuko wa afya, haitarudi katika mizani ya kahawa. Twalisema hili kwa maofisa tulio hapa kabla ya kulisema kwa wengine.

Ndugu wanachama, usipoziba ufa utajenga ukuta. Miaka kumi tumeziba nyufa za bei, za mizani na za usafiri, na leo twasherehekea kwa haki. Ufa uliobaki umo ndani ya nyumba zetu. Mtakapoinua mikono katika Mkutano Mkuu ujao, kukubali au kukataa, twawaomba mfikiri habari za kijiji cha Aohara, ambacho hakikuwa na fedha kutushinda, lakini kilifanya hesabu mapema.

Twakitakia Chama chetu miaka mingi mingine. Ushirika na udumu.